Alteneta ikifa katikati ya mkondo: jibu kwa rubani mwanafunzi wa Raskazoni

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, kwetu Raskazoni hapa Tanga, nina saa 58 kwenye daftari langu. Mwezi wa saba nilikuwa narudi peke yangu kutoka Zanzibar na Cessna 172. Niliruka saa kumi na nusu jioni. Nikiwa futi 4,500, katikati ya mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara, taa nyekundu ya umeme mdogo ikawaka. (Ilikuwa imekonyeza mara mbili tatu nikiwa bado chini Zanzibar, lakini ndege hiyo inajulikana kwa hilo.) Nikazima na kuwasha swichi, nikabonyeza vibonye vya breka za umeme (zile zinazokata umeme ukizidi), nikarudia tena na tena. Nilipoinua macho nikakuta niko futi 3,900 na mdomo wa mto Pangani uko puani kwangu badala ya kuwa kushoto. Dakika kumi na mbili baadaye, nilipotaka kuongea, redio ikaanza kukatakata, ikafa. Flapu, zile bapa zinazoshushwa nyuma ya mabawa wakati wa kutua, nazo zikagoma. Nilitua Tanga salama bila flapu, saa kumi na moja na dakika kumi na kitu, nikala zaidi ya nusu ya barabara, kisha nikaenda moja kwa moja kunywa kahawa na kashata mikono ikitetemeka. Mwalimu wangu anasema nilipaswa kugeuza kurudi Zanzibar. Mwenzangu wa chuo anasema nilipaswa kutangaza Mayday. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na hongera kwa kuirudisha ndege ya watu ikiwa nzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika mahali pamoja nasimama. Si pale redio ilipokufa. Ni pale uliposema "nilipoinua macho". Maana yake ni kwamba kuna muda macho yalikuwa yameinama. Futi 600 zilipotea na pua ikazunguka kuelekea Pangani, na hakuna aliyekuwa anaendesha ile ndege. Mwalimu wako na mwenzako wanabishana kuhusu uelekeo na kuhusu neno la kusema, na nitawajibu wote wawili huko chini, lakini kabla hujageuza popote wala kusema lolote, ilikuwa lazima kuwe na mtu kwenye usukani.

Hebu tuanze na kitu kilichokuogopesha. Taa ile inasema alteneta, mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri, haifanyi kazi. Ulidhani umeme ukifa na injini itakufa. Hukuandika hivyo waziwazi, lakini mtu anayerudiarudia swichi namna ile anapigania uhai, hapiganii redio. Sasa sikiliza. Injini ya 172 haiombi chochote kwa betri ikishawaka. Cheche zake zinatoka kwenye magneto mbili, na magneto ni kijenereta kidogo kinachozungushwa na injini yenyewe. Kila silinda ina plagi mbili, kila plagi inakula kwenye magneto yake. Injini yenye silinda nne ina plagi nane. Mafuta nayo yanashuka kutoka kwenye mabawa juu yako, na kama ndege yako ni ya zile zenye pampu ya umeme, hiyo ni msaidizi tu, pampu kubwa inazungushwa na injini. Zima swichi kuu, ng'oa betri uitupe baharini, injini itaendelea kunguruma mpaka mafuta yaishe.

Hili nimewaonyesha wanafunzi wengi kwa vitendo. Tukiwa juu ya Amboni, hali ya hewa safi, namwambia mwanafunzi ashike usukani, halafu nanyoosha mkono nazima swichi kuu bila kumwambia. Taa zote zinalala, redio inanyamaza, sindano za mafuta zinaanguka hadi sifuri. Uso wa mtu unabadilika rangi. Anaangalia propela. Propela inazunguka. Ananiangalia mimi. Propela bado inazunguka. Baada ya dakika moja anaanza kucheka peke yake, na kuanzia siku hiyo taa ile nyekundu haimtishi tena. Kama wewe hujafanyiwa hivyo, mdai mwalimu wako.

Tahadhari moja kwa wasomaji wengine: hii ni kwa injini za magneto. Zipo ndege ndogo za kisasa ambazo injini zake zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inataka umeme. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 yenye injini mbili za namna hiyo iliruka ikiwa na betri dhaifu. Magurudumu yalipoanza kupandishwa yakanyonya umeme, kompyuta zikayumba, injini zote mbili zikazima kwa pamoja. Kwa hiyo soma kitabu cha ndege yako wewe, usisome cha jirani.

Sasa turudi kwenye macho kuinama. Usidhani ni ugonjwa wa wanafunzi. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege kubwa ya abiria, Lockheed TriStar ya Eastern Air Lines, ilikuwa inakaribia Miami usiku. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wakapanda futi 2,000, wakaiachia otopailoti, wakaanza kushughulika na ile taa: kuichomoa, kuirudisha, kuichunguza. Watu wenye maelfu ya saa angani. Katika hekaheka hiyo otopailoti ikaachia kushika kimo, ndege ikaanza kushuka polepole bila mtu kutambua, mpaka ikagusa kinamasi cha Everglades. Walikufa watu karibu 100. Gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Kilichokuwa kimeungua ni balbu.

Yangu mimi ilikuwa mlango. Nilikuwa na saa chache kuliko wewe sasa, nimekaa kwenye Piper Cherokee, ile yenye mlango mmoja tu upande wa kulia na komeo lake la pili juu kwenye paa. Komeo la juu sikulifunga vizuri. Futi 300 baada ya kuruka, paa! Mlango ukaachia kama upana wa kiganja, upepo ukaingia na kelele ambayo sijawahi kuisikia, ramani yangu ikanyanyuka ikanibandika usoni. Nikaacha kila kitu nikajinyoosha kuuvuta ule mlango. Nakumbuka vidole vyangu vikiwa kwenye mpini, na nakumbuka honi ya mwendo mdogo ikianza kulia, ile sauti ya kukwambia kwamba mabawa yanakaribia kuachia hewa. Nikasukuma pua chini, nikaacha mlango upige kelele zake, nikazunguka uwanja nikatua. Mwalimu wangu alikuwa amesimama chini ameweka mikono kiunoni. Aliniambia maneno machache tu: ndege hairuki kwa mlango.

Wala hairuki kwa alteneta.

Basi, dakika ile ya kwanza taa ilipowaka ulipaswa kufanya nini? Kwa mkono, hakuna. Angalia nje, mstari wa upeo uko wapi kwenye kioo. Weka ndege isawazike, rekebisha trimu ili iende yenyewe ukiachia vidole. Chagua kitu cha kuelekea: pua ya nchi, kisiwa, wingu lisilotembea haraka. Angalia saa yako ya mkononi, kariri dakika. Kazi yote hii haizidi nusu dakika. Watoto wa siku hizi mnafundishwa kwa Kiingereza kwamba kwanza ni kuruka, pili kujua unakokwenda, tatu kuongea. Ni kweli, ila mkishaikariri kama shairi mnasahau kwamba ile "kwanza" haiishi. Unaongea huku unaruka, unasoma orodha huku unaruka.

Halafu orodha. Isome, usiikumbuke. Kwa 172 za miaka ya karibuni kazi ni fupi: zima swichi ya vyombo vya redio, hakikisha breka ya alteneta iko ndani, zima swichi kuu pande zote mbili, wa betri na wa alteneta, kisha uwashe, angalia taa. Ikizimika, shukuru Mungu, washa redio, endelea. Mara nyingine umeme ulipanda ghafla, kidhibiti kikaitoa alteneta kazini ili isiunguze vitu, na ukiizima na kuiwasha inarudi. Ikiwaka tena, alteneta imekufa: zima upande wake na usiiguse tena. Mara moja tu, mwanangu. Wewe umeandika "tena na tena". Kila mara ulipozima na kuwasha, redio na vyombo vingine vilianza upya, vikanywa betri. Na breka iliyoruka yenyewe inakwambia kuna mahali panapata moto. Ukiilazimisha kurudi mara ya pili na ya tatu, unaupelekea umeme waya ambao huenda umeshaanza kuungua nyuma ya paneli, mahali usipopaona, juu ya bahari.

Sasa una betri peke yake. Betri ya 172 nyingi ni ya volti 24, na alteneta nzima inatoa volti 28; ndiyo maana taa inawaka volti zikishuka kufika kama 24.5. Marubani wengi wanahesabu nusu saa kwa betri nzuri iliyopunguziwa mzigo. Yako ilikupa dakika kumi na mbili. Mimi naona sababu mbili. Moja, kama taa ilikuwa inakonyeza Zanzibar, yaelekea betri haikuwa imejaa hata ulipoondoka. Mbili, hukuzima kitu. Hukuandika kwamba ulizima taa ya kutulia, wala taa za mabawa, wala kipasha moto cha bomba la pito, lile la kupimia mwendo hewani, kama kilikuwa kimewashwa. Hao ndio walafi. Redio ukisikiliza tu inakula kidogo, ukibonyeza kuongea inakula mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wao wanasema punguza mzigo kwanza, uongee baadaye ukikaribia uwanja, ili betri ikufikishe. Mimi nasema ongea mapema, wakati betri bado ina nguvu, kisha uzime. Baadaye hujui kama itakuwepo. Wewe ulisubiri, na ulipotaka kuongea redio ilikuwa inakatakata. Sentensi tatu zingetosha: jina la ndege yako, "alteneta imekufa nina betri tu, naendelea Tanga, nitafika saa fulani, redio yangu inaweza kuzimika, tafadhali waarifuni Tanga." Basi. Zanzibar wangeinua simu kuwapigia Tanga, na Tanga wangekutazamia. Kisha unazima, unabaki na ndege yako na dira.

Na kama Kiingereza kinakukwama kooni wakati huo, sema Kiswahili. Anayekusikiliza Zanzibar anakielewa Kiswahili chako kuliko kigugumizi chako cha Kiingereza.

Kuhusu Mayday. Neno lenyewe ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza, "m'aidez", nisaidieni, na lilianzia uwanja wa Croydon, London, miaka ya 1920, wakati safari nyingi za pale zilikuwa za kwenda na kutoka Paris. Ni la mtu ambaye uhai wake uko hatarini sasa hivi: injini imezima, moto, umepotea mawinguni. Alteneta kufa mchana, hewa safi, pwani unaiona, ni jambo la Pan-pan, mara tatu. Yaani nina shida, nisikilizeni, lakini sijafika pabaya. Mwenzako amezidisha, ila simlaumu sana. Kati ya rubani anayezidisha na yule anayenyamaza kwa aibu, mimi nampenda anayezidisha. Katika miaka yangu yote sijaona mtu akiadhibiwa kwa kutangaza dharura iliyogeuka kuwa ndogo. Nimewaona walionyamaza.

Ila kuna shida ya umeme ambayo ni Mayday bila mjadala, nayo ni moshi. Ukinusa plastiki inayoungua, usisome kwanza ukurasa huu. Zima swichi kuu papo hapo, kizima moto mkononi, fuata orodha ya moto wa umeme, tua mahali pa karibu panapofaa, hata kama ni ufukwe wa Pangani maji yakiwa yamekupwa.

Haya, kugeuza au kuendelea? Kutoka uwanja wa Zanzibar mpaka Tanga ni kama kilomita 130 kwa mstari, maili za baharini kama 69. Kwa 172 hiyo ni dakika arobaini hivi. Taa iliwaka nusu ya njia. Mwezi wa saba kusi linavuma, lilikuwa mgongoni kwako. Ukigeuza, upepo uliokuwa unakusukuma unakuwa unakuzuia. Kwa dakika, Tanga ilikuwa karibu zaidi. Mwalimu wako ana hoja: Zanzibar kuna barabara ndefu ya kutulia inayopokea majeti, kuna zimamoto, kuna mafundi. Lakini hao majeti ndio shida yenyewe. Kuingia Zanzibar jioni bila redio, katikati ya ndege za kitalii zinazopanda na kushuka kama nyuki, mimi sitaki. Tanga kumetulia. Kanuni za kimataifa nazo zinasema redio ikikufia na unaona vizuri, baki unapoona vizuri, tua uwanja wa karibu unaofaa, toa taarifa kwa njia ya haraka zaidi. Kwa hiyo ulikwenda mahali sahihi, ijapokuwa nadhani hukuchagua, ulijikuta tu unaendelea.

Ningekuwa mimi, ningefanya ulichofanya kwa bahati mbaya: ningeipinda njia kuelekea Pangani, ila kwa kukusudia. Kutoka futi 4,500, injini ikizima, 172 inateleza kama maili saba za baharini, kilomita kumi na mbili au tatu hivi. Katikati ya mkondo hiyo haikufikishi nchi kavu. Sawa, injini haikuwa na shida, lakini siku ambayo kitu kimoja kimeharibika si siku ya kukipa cha pili nafasi. Pinda kushoto, ikumbatie pwani, kisha panda nayo kaskazini: Pangani, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari, halafu ghuba ya Tanga yenyewe. Njia hiyo hata dira huihitaji. Na boya la kuokolea liwe mwilini tangu chini. Likiwa kiti cha nyuma halina kazi.

Ukifika uwanjani bila redio, usijitumbukize. Pita juu ya mzunguko wa ndege zinazokuja kutua, tazama mfuko wa upepo, tazama kama kuna anayeruka, jiunge kawaida, na macho yako yawe kwenye mnara. Ulifundishwa ishara za taa ukazifaulu kwenye mtihani, ukazisahau. Kijani isiyopepesa: tua. Nyekundu isiyopepesa: mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa: uwanja si salama, usitue. Kijani inayopepesa: rudi uje utue, lakini subiri ile isiyopepesa. Ukiiona, tikisa mabawa wajue umeelewa. Transponda, kifaa kinachojibu rada, ukiwa bado na umeme unaiweka 7600, ndiyo namba ya redio iliyokufa.

Kutua bila flapu ulikufanya vizuri, kwa maelezo yako. Mwendo wa noti 65 hadi 75 (maili za baharini kwa saa) kwa 172, pua inakaa juu kidogo kuliko ulivyozoea, ndege inaelea kama haitaki kushuka. Unaiacha iishe mwendo yenyewe. Wanaoharibu ni wale wanaoisukuma chini kwa nguvu, gurudumu la mbele linagonga kwanza. Umesema ulikula zaidi ya nusu ya barabara. Ndivyo inavyokuwa, usione haya.

Kuna jambo la saa. Uliruka kumi na nusu, ukatua kumi na moja na dakika kumi na kitu, jua bado liko juu ya Usambara. Ungechelewa Zanzibar kwa saa moja na nusu, kwa soda moja na stori mbili, ungefika hapa gizani bila taa hata moja ndani wala nje. Jua letu likishazama halibembelezi; dakika ishirini, kwisha. Tochi ndogo iwe shingoni, si kwenye begi. Na ukipata fedha, kabla hujanunua miwani mipya ya jua, nunua redio ya mkononi. Simu nayo inasaidia, ukiwa na namba ya mnara umeihifadhi tangu nyumbani, ila usianze kutafuta namba huku ndege inajiendea.

Nitasema kidogo kuhusu vyombo vingine, kwa sababu alteneta ni mgeni mstaarabu, anapiga hodi kwa taa nyekundu. Wapo wanaoingia kimya. Pampu ya vakyumu, ya kuvuta hewa, inapokufa kwenye ndege za zamani, jairo, yale magurudumu madogo yanayozunguka ndani ya vyombo kwa pumzi ya pampu hiyo, hazisimami papo hapo. Zinapungua mzunguko polepole, na upeo wa bandia, chombo kinachoonyesha kama ndege imelala upande, unaanza kulala kidogo kidogo. Ukiwa mawinguni unaufuata, unalala nao. Dawa ni kuvilinganisha vyombo: huu unasema napinda, dira inasema sipindi, kiashirio cha kupinda, ambacho kwa kawaida ni cha umeme, kinasema sipindi. Wawili kwa mmoja. Kisha chombo mwongo kifunike. Mimi nilikuwa natembea na vipande vya karatasi ya gundi mfukoni, maana jicho lina tabia ya kurudi kwa mwongo hata baada ya kumjua.

Na bomba la pito, hapa pwani tuna adui wake: nyigu wa udongo. Ndege ikilala siku mbili tatu bila kifuniko, anajenga. Ukipuuza, mwendo hausomi, au mbaya zaidi unasoma uongo: tundu zote za bomba zikiziba, kipimo cha mwendo kinageuka kuwa kama kipimo cha kimo, kadiri unavyopanda ndivyo kinavyokwambia una kasi, nawe unavuta pua juu kuipunguza. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata ikiwa na watu 189, wote wakafa. Bomba moja lilikuwa limeziba na wachunguzi walimshuku nyigu. Ndege ile ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka, na mabomba hayakufunikwa. Kwa hiyo jua ndege yako bila kipimo: injini mizunguko kadhaa, pua hapa kwenye kioo, mwendo utakuwa huu. Mdai mwalimu wako na hilo pia.

Turudi Zanzibar, ukiwa bado chini. "Ndege hiyo inajulikana kwa hilo." Sentensi hii nimeisikia kwa watu wengi, na mwenye ndege akiisema kwa tabasamu inakuwa kama sifa. Ukweli ni kwamba taa ya umeme mdogo inaweza kuwaka injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, ukiongeza kidogo inazimika, hilo si kosa. Lakini kabla ya kuruka unapopandisha injini hadi kama mizunguko 1,800 kwa dakika kupima magneto, taa ile haina ruhusa ya kukonyeza. Washa taa ya kutulia kwa sekunde chache, tazama sindano ya ampea: ikitikisika na kurudi, alteneta inabeba mzigo. Ikibaki upande wa kutoa, betri ndiyo inayolipa, na safari imeishia hapo. Unarudi kuegesha, unalala Zanzibar, unakula urojo. Mafundi wakifungua mara nyingi wanakuta kitu cha ajabu kwa udogo: waya mwembamba uliokatika nyuma ya alteneta, brashi zilizoisha, mkanda uliolegea, kutu ya chumvi kwenye kiungio. Hewa yetu ya bahari haina huruma na shaba.

Liandike tatizo kwenye kitabu cha ndege kwa wino, na usikubali kuambiwa ulikuwa wasiwasi wako.

Halafu umesema ulipotua ulikwenda moja kwa moja kunywa kahawa na kashata mikono ikitetemeka. Kahawa nakupa, lakini baada ya simu. Zanzibar walikusikia ukiondoka, kisha kimya. Dakika 30 baada ya muda uliopaswa kusikika wanaanza hatua ya kwanza ya wasiwasi, simu zinapigwa, na isipopatikana habari watu wanajiandaa kuingia baharini kukutafuta wewe uliye kibarazani unavunja kashata.

Njoo uwanjani Jumamosi asubuhi kama una nafasi. Tutakaa kwenye 172 ikiwa imeegeshwa, injini imezimwa, nikufunge macho, kanga ya mama yako inatosha. Nikitaja swichi, mkono wako wa kulia uifikie bila kupapasa, na kichwa chako kisiiname hata kidogo. Tutarudia mpaka uchoke.